Kila Ushauri na Mgeni Wake

Mtu wa mjini akistaafu na kununua shamba, zao la kwanza analovuna ni ushauri. Zao hili halingoji mvua wala mbolea, na halina msimu. Mimi nilikuwa mhasibu Dar es Salaam. Kiinua mgongo kilipotoka nikanunua ekari mbili chini ya milima ya Uluguru, upande wa barabara iendayo Matombo, na kabla kitanda hakijashushwa kwenye gari nilikuwa nimekwisha kushauriwa na dereva, na utingo wake, na mama muuza ndizi tuliyemuuliza njia. Wote walisema kweli. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Ushauri mbaya hauna taabu. Unausikiliza, unaitikia, unauacha njiani. Ushauri mzuri ndio wa kuogopwa. Unaufuata, unakupa faida ileile uliyoahidiwa, kisha unagundua kwamba haukuja peke yake. Umekuja na mgeni. Mgeni huyo ana meno, au mbawa, au miguu sita, na kumtoa kunataka ushauri mwingine, ambao nao ni mzuri, nao una mgeni wake.

Nianze na mahindi.

Bibi shamba wa kata yetu ni binti mwenye pikipiki, daftari na subira nyingi. "Shikamoo baba," akasema, "mwaka huu usipande kwa kukisia. Nyoosha kamba. Sentimita 75 mstari kwa mstari, 30 shimo kwa shimo, mbegu moja moja. Ukitaka mbegu mbili kwenye shimo, fanya 60." Mhasibu ukimtajia mistari umemgusa penyewe. Nilifunga mafundo kwenye kamba, nikapima kila fundo kwa rula, na masika yalipoingia nikapanda shamba lililonyooka hata wapita njia wakawa wanasimama kulitazama. Mzee jirani, ambaye ananiita kijana ingawa mvi zangu zinazidi zake, alikuja akaegemea mpini wa jembe akanyamaza kitambo.

"Kijana, umepanga vizuri," akasema mwisho. "Panya hatapotea njia."

Nilidhani ananitania. Asubuhi nikakuta kila fundo la kamba yangu limefanyiwa kazi: kishimo kidogo kilichochimbwa kwa ustadi, udongo umerundikwa upande mmoja, na juu ya udongo ule ganda la mbegu, lile lenye rangi nyekundu ya dawa, limebanduliwa na kuachwa pembeni. Kiini hakipo. Nikatembea mstari mzima, nikahamia wa pili. Hakuna shimo lililorukwa. Nimekagua hesabu za watu maisha yangu yote, na sijapata kukutana na ukaguzi uliokamilika namna ile.

Panya shamba wa Morogoro ana wasomi wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine wamemfuatilia kwa miaka mingi, na wanayoyasema hayatii moyo: mvua ikiwa nzuri naye anazaa vizuri, jike mmoja anaweza kuleta watoto kumi na zaidi kwa mkupuo, na hatari kubwa kwa mkulima ni kuanzia siku ya kupanda hadi miche ijitambue. Bibi shamba aliponiona akapiga breki. Akanieleza kwamba ilitakiwa nipande siku moja na majirani, ili panya wagawane mashamba badala ya kukusanyika kwangu. Tena nifyeke kingo zote, maana panya anaishi kwenye majani ya mpakani na shambani anakuja kula tu. Tena nitege ndoo. Lakini sumu nisiweke, kwa sababu panya mwenye sumu tumboni anaokotwa na paka, au na bundi, na bundi mmoja anamaliza panya wengi kuliko mtego wowote wa dukani.

"Na ungesimamisha nguzo ndefu yenye kijiti cha kukalia, baba, bundi angekuja mwenyewe."

Jioni nikaupeleka ushauri huo kwa mama watoto. Akaweka kijiko chini taratibu.

"Baba, mimi nimekuja huku kupumzika," akasema. "Sikuja kupumzishwa."

Anayejua bundi akilia juu ya paa watu husema nini, hahitaji maelezo zaidi. Nguzo niliisimamisha mwisho kabisa wa shamba, na katika kumbukumbu za nyumbani nikaiandikisha kuwa nguzo ya kamba ya nguo.

Ndoo nayo nikaitega. Ni mtego mzuri na hauna gharama: ndoo ya lita 20, maji hadi nusu, kopo la maziwa limetobolewa huku na huku, waya umepitishwa katikati ili kopo lizunguke juu ya mdomo wa ndoo, na mgongo wa kopo umepakwa siagi ya karanga. Panya anarukia kopo, kopo linageuka, basi. Iliwapata panya shamba kwa wingi. Halafu asubuhi moja nikakuta ndoo imelala ubavu, maji yamemwagika, na kopo limelambwa likang'aa.

"Huyo ni panya buku," akasema mzee jirani, kwa sauti ya mtu anayemtaja kiongozi.

Panya buku anapita kilo moja, na mashavu yake ni mifuko. Hali anachokiona, anapakia, anapeleka ghalani kwake, anarudi. Kila kitu kinamfaa. Tulipochimba shimo lake nyuma ya jiko tukakuta karanga, kokwa za chikichi, funguo za kabati letu, kifuniko cha kalamu na sarafu ya shilingi mia mbili. Nilipotaka kumtamkia neno zito, nikakumbushwa kwamba niko Morogoro, na kwamba ukoo wa mnyama huyu una heshima hapa kuliko wangu. Ni hapa mjini kwetu, pale chuoni Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapa, akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu na mabaki ya silaha zaidi ya 100, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamvisha nishani ya dhahabu. Mwaka uliofuata akastaafu. Mimi nilipostaafu nilipewa saa ya ukutani, na betri zake nikanunua mwenyewe.

Basi nikarudishia mbegu. Kurudishia kuna ubaya mmoja: mahindi ya majirani yamefika kiunoni, yako yako kwenye kifundo cha mguu, na kiwavijeshi vamizi anachagua machanga. Huyu naye si mwenyeji. Asili yake ni Amerika. Barani Afrika alitangazwa kwa mara ya kwanza mwaka 2016, upande wa magharibi, na mwaka 2017 alikuwa amekwisha kufika Tanzania. Bara zima kwa muda huo! Mimi kutoka Dar es Salaam kuja Matombo nilitumia muda mrefu zaidi kutafuta maboksi.

Ukitaka kumfahamu, panua moyo wa hindi asubuhi na mapema. Utaona majani yametobolewa matundu marefu, na ndani ya funeli chembechembe za rangi ya maranda, zenye unyevu. Hicho ni kinyesi chake. Yeye mwenyewe yuko chini kidogo, amejikunja. Mtazame usoni, maana hafichi kitambulisho: ana alama ya herufi Y iliyopinduliwa kwenye paji, na karibu na mkia, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, ana madoa manne meusi yaliyokaa pembe nne za mraba. Hata muhuri wa wilaya haujagongwa vizuri hivyo.

Hapa ushauri ulimiminika. Pita shambani angalau mara mbili kwa wiki. Ukiona mayai chini ya jani, yamefunikwa manyoya mepesi, yasage kwa kidole palepale, maana kwenye kundi moja kuna mia na ushei. Mimina mchanga au majivu kidogo kwenye moyo wa mmea. Ukilazimika kupiga dawa, piga jioni, wakati kiwavi anatoka. Mchana amejificha, unaogesha mahindi tu. Na mama jirani, ambaye ushauri wake huanza kwa kucheka, akaongeza: "Wewe fuga kuku. Okota hao viwavi kwenye kopo, wamwagie kuku. Hasara yako ni mayai yako."

Nililipenda neno hilo. Lina debiti na krediti.

Kuku wa kienyeji, niseme haki, wanalipa. Sharti la kwanza ni chanjo ya mdondo. Ile ya I-2 inadondoshwa tone moja kwenye jicho moja, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Asiyechanja asijisumbue kujenga banda, achimbe shimo moja kwa moja. Nilichanja, nikaokota viwavi, kuku wakanenepa, tetea akaatamia, vifaranga wakatoka. Ndipo ile nguzo ya bundi ilipopata mpangaji. Bundi alikuja usiku, nadhani. Mama watoto hakumsikia na mimi sikuuliza. Lakini mchana nguzo ilikuwa wazi, na mwewe hahitaji kusimamishiwa mbili. Alikaa pale juu kwa raha zake, kijiti kimepimwa, mandhari yote ya vifaranga wangu mbele yake, na kila akishuka alinifanya nitamani kurudi kwenye sumu ya panya.

"Wapake vifaranga rangi," akashauri mama jirani, akicheka kwanza. "Zambarau. Mwewe hajui kuku wa zambarau."

Watu wengi hufanya hivyo na kweli inasaidia. Nikawapaka. Mwewe akageuza shingo huku, akaigeuza kule, akaruka kwenda kwa jirani. Hakuwatambua. Tatizo ni kwamba mama yao pia hakuwatambua. Alisimama katikati ya uwanja akiita wanawe, wanawe wakamjia mbio, naye akawadonoa mmoja baada ya mwingine na kuendelea kuita. Wakalala jikoni kwetu, ndani ya boksi, mpaka rangi ilipofifia.

Mayai nayo yalikuwa na mdau wake. Mlangoni pa banda nilikuwa nimeweka jiwe zuri bapa, kwa ushauri wa fundi aliyejenga, ili miguu isiingize tope. Siku moja niko dirishani, nikamwona nguchiro ametoka ndani ya banda na yai. Akalizungusha, akalinusa, akalijaribu kwa jino, likamteleza. Akafikiri. Kisha akaligeuzia mgongo jiwe langu, akalishika yai kwa miguu ya mbele, akalirusha kwa nyuma kupitia katikati ya miguu yake, shabaha ikakaa, pwaa! Akageuka akala taratibu, akajipangusa, akaingia kuchukua la pili. Nimeona makipa wa timu kubwa wakirusha mpira ovyo kuliko vile. Jiwe nikaliondoa siku hiyohiyo. Banda nalo likanyanyuliwa juu ya miguu, likazungushiwa waya wenye matundu madogo, na mlango ukawa unafungwa kabla ya magharibi. Hayo ndiyo yanayotakiwa, na fundi alikuwa akiyajua yote. Alisema sikumuuliza habari za nguchiro. Nilimuuliza habari za tope.

"Fuga mbwa," wakasema wote kwa pamoja.

Tukamleta Kamanda, akachanjwa kichaa cha mbwa, kama inavyotakiwa kila mwaka, akapewa doria. Nguchiro wa kwanza aliyemwona alimfukuza mpaka mtoni. Kisha Kamanda akarudi kwenye eneo la tukio kuchunguza mhalifu alikuwa akila nini. Akaramba. Akakaa chini kufikiri, na nilipoona anafikiri nikajua nimeongeza mdau.

Ila kwa ngedere alinifaa, kwa muda. Ngedere hawavamii, wanafanya kikao kwanza. Mmoja anakaa juu ya mkorosho kuangalia, wengine wanangoja kwenye korongo, na mkubwa wao anashuka akitembea pole pole, hana haraka, amekuja kwake. Kwa majuma kadhaa walimheshimu Kamanda. Halafu wakagundua kwamba hawezi kupanda miti, na tangu hapo walikuwa wakimvutia upande wa mipapai kwa makelele, huku wenzao wanavuna mahindi upande wa pili. Tena wanavuna vibaya: anavunja hindi, analing'ata mara moja, analitupa, anavunja jingine.

Mzee jirani akanishauri nisimamishe sanamu, lakini liwe la mtu hasa, siyo gunia juu ya fimbo. Nikalivalisha suti yangu ya kazini, ile ya mikutano ya bajeti, na kofia. Nikalisimamisha kando ya njia, mkono mmoja mfukoni. Ngedere walikaa mbali kweli. Lakini kijijini nikaanza kuonekana mtu mwenye majivuno. Watoto waliokuwa wakitoka kuchota maji jioni walilisalimia sanamu "Shikamoo mzee," lisijibu; bibi mmoja aliliuliza habari za mke wangu, likamtazama tu. Mjumbe alinijia kwa upole kuniambia kwamba huku, kijana, watu wanaitikiana. Nikaeleza. Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo nikiitikia salamu ya mtu jioni, wengine wanashtuka.

Kwa ngedere, sanamu lisilobadilika linaisha nguvu baada ya muda. Ni lazima ulihamishe, ulibadilishe nguo, na mara mojamoja awepo mtu wa kweli. Wanajua pia ni nani wa kumwogopa. Mama watoto alikuwa akiwafukuza kwa debe na fimbo, nao wanasogea hatua mbili na kuendelea kutafuna, wakimtazama. "Hawaogopi wanawake hao," mzee jirani akamwambia, "wanaogopa suruali." Mama watoto hakujibu. Alikwenda akalivua sanamu suti, akaivaa yeye juu ya khanga, akavuta kofia hadi machoni, akasimama palepale mkono mfukoni. Mkubwa wao alishuka kwa mwendo wake uleule wa kujivunia. Akamfikia karibu. Sanamu likamrukia na debe. Kundi zima lilivuka korongo bila kuagana, na kwa wiki nyingi mahindi yakapumua. Suti hiyo sijarudishiwa.

Wakati vita hii inapiganwa juu ya ardhi, mihogo ilikuwa imetulia. Niliipenda mihogo kwa sababu hiyo. Imesimama, majani ya kijani, haiombi kitu. Kila mtu alikuwa ameniambia muhogo hauna adui. Siku ya kung'oa nikashika shina kwa mikono miwili, nikajikaza, nikavuta kwa nguvu zangu zote, nikaanguka chali na shina mkononi. Halikuwa na kitu chini. Mizizi yote ilikuwa imeliwa kutokea ndani, limebaki gamba jembamba na kijia nadhifu kinachoelekea kwenye shina la pili. Fuko alikuwa akivuna toka zamani. Aliacha tu mabango ya juu ili mwenye shamba asihuzunike.

Nikasikia kwamba serikali hutoa kifuta jasho kwa mkulima ambaye mazao yake yameharibiwa na wanyamapori. Nikavaa shati safi, nikaenda ofisini na hesabu zangu zimepangwa kwa safu. Afisa alinipokea vizuri, akazipitia, akavua miwani.

"Mzee, fuko hayumo."

Akanieleza kwamba kanuni za mwaka 2011 zinahusu wanyama hatari: tembo, kiboko, nyati, mamba, simba na wenzao. Fuko, panya, ngedere na nguchiro ni juu ya mwenye shamba. "Ungekuwa na tembo ningekusaidia," akasema kwa huruma ya kweli. Kisha, aliponiona nimenyong'onyea, akaongeza kunifariji: "Na Mikumi siyo mbali."

Fuko basi nikafundishwa kumtega na mzee jirani, na hili nalieleza kwa yeyote mwenye mihogo. Tafuta kichuguu chake kibichi, chenye udongo unaong'aa unyevu. Chimba hadi uikute njia, uiache wazi. Fuko havumilii upepo wala mwanga nyumbani kwake, atarudi kuziba. Ukitulia utaona udongo ndani ya tundu unatikisika, unasogea mbele kidogo kidogo, unasukumwa na mtu usiyemwona. Hapo ndipo mtego wa kamba na mti wa kupinda unapokaa. Pembezoni mwa shamba panda utupa. Wengi huku wanasema humkera. Ila usiupande karibu na bwawa, maana utupa huo huo ndio wavuvi wa zamani waliolevyea samaki, na mimi, kwa ushauri mzuri wa mtu fulani, nilikuwa ndiyo kwanza nachimba bwawa.

Kati ya wageni wote hawa, mmoja tu alikuja bila kushauriwa na mtu. Ilikuwa usiku wa mvua, na mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutusalimu. Kuku ndio waliotoa taarifa. Walipiga kelele ambayo si ya nguchiro wala ya chui. Ilikuwa ya kupigapiga miguu chini. Nikatoka na tochi, nikaona ardhi inatembea. Siafu.

Siafu hawajadiliwi. Kitu cha kwanza ni kufungua banda, upesi, maana kuku aliyefungiwa ndani hatoki hai, na tetea anayeatamia hakimbii hata mlango ukiwa wazi, huyo unambeba. Kitu cha pili ni kutoka wewe. Tukatoka sote: mama watoto ndani ya suti, mama mkwe kachukua kiti na mkoba, tetea chini ya kwapa langu, Kamanda akijing'ata mguu mmoja baada ya mwingine. Nilizungushia viti vyetu majivu, tukainua miguu. Siafu wakaingia nyumbani kwa mlango wa jikoni. Nilitaka kuwamwagia mafuta ya taa, lakini mzee jirani, aliyekuja na taa baada ya kusikia kelele, alinishika mkono.

"Waache, kijana. Wale wana kazi."

Tukakaa nje tukiwasikiliza. Mende walianza kuanguka kutoka kwenye dari. Panya ambao hatukujua tunaishi nao walitoka wakikimbia, wakubwa kwa wadogo. Nge mmoja alipita mbele yetu bila salamu. Kulipopambazuka siafu walikuwa wameondoka, mstari wao umeishia porini, na nyumba ilikuwa safi toka kwenye paa hadi uvunguni, kazi ambayo mitego, dawa na ushauri wa kata nzima havikuifanya mwaka mzima. Mama mkwe alikagua kila chumba, mikono nyuma. Kisha akaniuliza kwa heshima: "Baba, hawa mnawaita vipi? Na mimi nawataka kwangu."

Nikapiga hesabu za msimu. Upande wa mapato kulikuwa na mahindi ya kula, mayai aliyoyasaza Kamanda, na mapapai mawili ambayo ngedere waliyaona bado machanga. Upande wa matumizi sitausema, kwa sababu mama watoto anasoma magazeti.

Hivi karibuni shamba la pili yetu limenunuliwa na bwana mmoja aliyestaafu bandarini. Alikuja kujitambulisha na daftari jipya, kalamu imekaa sikioni. "Shikamoo kaka, nimeambiwa wewe umetangulia." Nikasema moyoni: huyu hatateseka. Mimi nitakuwa mshauri wa kwanza Uluguru nzima kumtajia mtu ushauri na wageni wake wote. Nikaanza kwenye mahindi, nikaenda kwa panya, nikapanda kwenye nguzo ya bundi, nikashuka na mwewe. Mwanzoni aliandika. Tulipofika kwenye vifaranga wa zambarau kalamu ikasimama. Kwenye nguchiro alifunga daftari. Kwenye siafu alikuwa akiliangalia gari lake, na akaniuliza kwa sauti ndogo kama aliyemuuzia bado yupo kijijini.

Ndipo nikawaelewa wote: dereva, utingo, bibi shamba, mama jirani, mzee na fundi wa banda. Hawakunificha kitu. Wangenieleza yote siku ya kwanza, ningepanda nini? Nani angepanda? Milima yote hii ingekuwa ya ngedere, na wangekuwa wanailima vibaya.

Nikamkaribisha chai. Nikamwambia udongo wa huku ni mzuri, ambayo ni kweli, na kwamba mvua haijawahi kututupa kabisa, ambayo inakaribia kuwa kweli. Rangi ikaanza kumrudia usoni. Akafungua daftari tena.

"Na mbuzi, kaka? Nasikia mbuzi hawana usumbufu."

Mama watoto, mlangoni, akakohoa.

"Hawana kabisa," nikamwambia. "Anza na wawili."